Delphine Gaudet na Kura za Kinamasi

Mara ya kwanza Russell Dingwell alipofanya biashara na Delphine Gaudet, alirudi nyumbani akidhani amempunja mjane, na usingizi ukamjia vizuri tu.

Dingwell alikuwa mnunuzi wa viazi. Alianza na lori moja lililowaka kwa kusukumwa, akiwa na suruali mbili na mdomo, na kufikia miaka hiyo viazi vya upande wote wa magharibi wa Kisiwa cha Prince Edward vilipita katika ghala lake pale gatini kabla ya kupakiwa melini. Alijua bei ya kila kitu. Alijua pia kwamba mtu anayekwambia hauzi ndiye aliyekwisha piga hesabu.

Siku hiyo alikwenda kwa Delphine kununua kinamasi, kile kipande cha ardhi tepetepe mwisho wa shamba lake, kinachoingiwa na maji ya bahari kila mwezi mpevu.

"Kinamasi?" Delphine alimwangalia kutoka mlangoni, mikono imejaa unga. "Bwana Dingwell, una ng'ombe wewe?"

"Sina, mama."

"Farasi?"

"Nina malori."

"Basi malori yako yameanza kula majani."

Dingwell alicheka, akakaribishwa jikoni, akawekewa chai nyeusi na samaki sill wa chumvi juu ya kiazi. Akaeleza kwamba mtu akizeeka hupenda kuwa na ardhi huku na huku. Delphine akamwacha amalize, kisha akasema, "Unataka kura. Sema tu, hakuna atakayekuuma hapa."

Ndivyo ilivyokuwa kisiwani wakati huo. Kila jimbo lilipeleka Barazani wajumbe wawili. Mjumbe wa kwanza alichaguliwa na wakazi wa pale. Wa pili alichaguliwa na wakazi pamoja na kila mwenye kipande cha ardhi mle, hata kama yeye analala upande wa pili wa kisiwa. Mwenye vipande katika majimbo saba alikuwa na kura saba, na akiwa na gari zuri alizipiga zote kabla jua halijazama. Dingwell alikuwa na majimbo sita. Alikuwa akitafuta la saba kama mtu atafutavyo jino la dhahabu.

Alitaja bei. Ilikuwa ndogo, na alijiandaa kuipandisha mara mbili. Delphine hakubishana. Alifuta mikono, akasema, "Sawa. Ila majani ni yangu. Kila Agosti nakata mimi, mpaka nife."

"Majani? Chukua, mama. Chukua yote."

Wakapeana mkono. Ilimchukua Dingwell mwaka mzima kuelewa kwamba kinamasi hakina kitu kingine zaidi ya hayo majani. Yeye alikuwa amenunua maji na mbu, na mwenzake amebaki na shamba. Alipoelewa alicheka peke yake ndani ya lori, na tangu siku hiyo akawa anamwamkia Delphine barabarani kama anavyowaamkia wafanyabiashara.

Huyo Delphine hakuwa mtu wa kusimuliwa dunia; alikuwa ameiona. Aliondoka kisiwani akiwa msichana, akaenda Boston kupika katika nyumba za watu, kama walivyofanya nusu ya wasichana wa kwao. Huko alijifunza kwamba tajiri hulipa haraka akidhani ameokota kitu bure. Alirudi na sanduku moja na meno mawili ya bandia, akaolewa na Gaudet, akazaa mabinti watatu, wote sasa wako bara. Gaudet alikwenda na barafu siku moja ya Machi, yeye na wavu wake. Delphine alibaki na ekari zake thelathini, ng'ombe watano, na farasi mzee aliyekuwa akivalishwa mbao chini ya kwato ili asizame kinamasini wakati wa kukata majani. Watu walimpenda kiasi. Alikuwa na tabia ya kutazama mizani wakati wewe unamtazama usoni.

Sasa, Dingwell hakutosheka na kura moja ya kinamasi. Alijiwekea ukingo mmoja, kinamasi kilichobaki akakikata vipande sita virefu vyembamba, akaviandikisha kwa majina ya vijana wake wa ghalani na ndugu wa mkewe, watu wa jimbo la jirani, wasio na kura pale. Kila mmoja alipata hati halali yenye muhuri. Siku hiyohiyo, mezani palepale, kila mmoja alitia sahihi karatasi ya pili, isiyo na tarehe, inayomrudishia Dingwell ardhi. Karatasi hizo sita zilikaa ghalani, ndani ya bati la biskuti. Hilo halikuwa siri kubwa. Wenye nacho wengi walifanya hivyo, na wengine walifanya kwa jina la wafu.

Halafu mjumbe wa pili wa jimbo la Delphine akafa, mzee wa watu, kwa mshtuko wa moyo akiwa kwa kinyozi, na hapo mambo yakakaza.

Baraza lilikuwa limegawanyika sawasawa. Mezani kulikuwa na mswada wa kuvunja mtindo wote: kura ya ardhi ife, kila mtu awe na kura moja mahali anapolala, na tena uchaguzi usiitishwe msimu wa kuvuna. Nusu ya Baraza iliutaka, nusu haikuutaka. Kiti kimoja kilichoachwa wazi ndicho kingeamua. Waziri Mkuu, ambaye hakuutaka, alitangaza uchaguzi mdogo ufanyike Jumatatu ya katikati ya Oktoba.

Katikati ya Oktoba! Shule zenyewe zilikuwa zimefungwa watoto waokote viazi. Hakuna mkulima atakayenyoosha mgongo siku kavu ya Oktoba kwenda kuchora alama kwenye karatasi, wakati baridi kali iko njiani. Lakini mwenye ardhi anayekaa mjini, yeye hana kiazi cha kuchimba. Ana gari tu. Dingwell aliposikia tarehe alitoa kofia, akasema, "Huyo mtu anajua kazi yake."

Alikuwa na sababu ya kujali. Gati ni mali ya serikali, na ghala lake limesimama juu ya gati kwa idhini ya mwaka hadi mwaka. Mtu mwenye kura saba zake na nyingine sita mfukoni husikilizwa na mawaziri hata wakiwa mezani wanakula. Mtu mwenye kura moja huambiwa aache ujumbe. Mswada ule ukipita, Dingwell angekuwa sawa na wabeba magunia wake. 

Wagombea walikuwa Emmett Trainor, aliyeutaka mswada, na Cletus Kinch, asiyeutaka. Wote Wakatoliki, maana kiti kile kilikuwa cha Wakatoliki, na vyama vyote viwili viliiheshimu desturi hiyo ili watu wasije wakapigania dini kanisani. Wapigane kwa mengine.

Kituo cha kura kilikuwa darasani. Msimamizi alikuwa mwalimu mwenyewe, Bi Eunice Bulman, amekaa nyuma ya sanduku amenyooka kama rula. Dingwell aliwasili mchana baada ya kula, magari mawili nyuma yake, watu wake sita wamenyoa ndevu na chupa ndogo ya ramu imekwisha zunguka. Darasa lilikuwa tupu. Siku kavu, anga safi, wakulima wote wamo shambani. Kila kitu kilikuwa sawa, mpaka alipoona nani amekaa kwenye dawati la wakala wa Trainor.

"Bi Delphine," alisema. "Viazi vyako vimejichimba?"

"Vipo ardhini, Bwana Dingwell. Havina miguu."

Wendell Praught, msimamizi wa ghala, mtu mkubwa mpole mwenye shingo kama gogo, alikuwa wa kwanza kusogea. Akataja jina lake na kipande chake. Bi Eunice akalitafuta, akalipata, akachukua karatasi ya kura.

"Aape," alisema Delphine.

Bi Eunice akairudisha karatasi mezani. Sheria ilikuwepo, hilo kila mtu alijua: wakala akitaka, mpiga kura aape mkono juu ya Biblia kwamba ardhi ni yake kwa haki yake mwenyewe, wala hakuishika kwa niaba ya mtu. Ilikuwepo, lakini hakuna aliyewahi kuitumia. Watu wa kule walikuwa wakipiga kura mara mbili, wakinywa ramu ya vyama vyote viwili, wakimdanganya mke na kasisi bila kupepesa. Lakini kiapo cha uongo juu ya Kitabu hakuna aliyekithubutu, na kwa hiyo kumwambia jirani aape ilikuwa ni tusi la kutosameheana vizazi viwili. Desturi hiyo ndiyo iliyolinda udanganyifu wote. Haukuhitaji mlinzi mwingine.

"Umesema nini?" Bi Eunice aliuliza, ingawa alisikia.

"Aape. Na wenzake."

Wendell alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni. "Mama Gaudet, mimi nilikubebea jeneza la mumeo."

"Jeneza lilikuwa tupu, Wendell, halikukuumiza mgongo. Weka mkono tu. Kama ardhi ni yako, una wasiwasi gani?"

Wendell alikitazama Kitabu kama mtu anayetazama jiko la moto. Hakuweka mkono. Aligeuka akamtazama bosi wake.

Dingwell alicheka, akaomba dakika moja, akamwita Delphine nje, ukumbini penye misumari ya kutundikia makoti. Hapo akaacha kucheka.

"Tuongee kama watu wa kazi. Unataka nini?"

"Sijakwambia nauza."

"Kila mtu anauza. Bei yako ya viazi, nakuongezea. Mwaka huu na ujao."

"Ungeweza kuniongezea mwaka jana."

"Sikiliza, mama." Akashusha sauti. "Ule mkono tuliopeana kuhusu majani haukuandikwa popote. Ukirudi mle ndani ukasema neno lile tena, Agosti usikanyage kinamasini. Ng'ombe wako watakula nini Februari? Magazeti?"

Hilo lilimgusa. Dingwell aliona, alikuwa amewaangalia watu wakipigwa na bei maisha yake yote, na alijua jicho linavyofanya. Delphine alitazama nje, kule chini ambako kinamasi kilikuwa kimegeuka rangi ya mbweha, kama kinavyokuwa kila mwisho wa mwaka.

"Ng'ombe wanauzwa," alisema, akarudi ndani.

Dingwell aliwafuata vijana wake. "Wendell. Ni maneno tu. Jina lako si limo kwenye hati?"

"Limo, bosi."

"Basi?"

"Na ile karatasi ya pili?"

"Ile haihusiki."

"Kwa Mungu inahusika." Wendell alikuwa akikunja kofia yake kama anakamua nguo. "Bosi, nimekufanyia kazi tangu una lori moja. Ukiniambia nibebe ghala, nitabeba. Hili siwezi. Mama yangu bado yu hai."

Shemeji yake Dingwell, mwembamba, mwenye maneno, akadakia: "Lakini kama ingekuwa kweli tungeapa. Au siyo, jamaa?" Wenzake wakaitikia wakiangalia chini. "Ile karatasi ya pili ikichanwa, ardhi inakuwa yetu kweli. Hapo hata mara mbili naapa, na wimbo juu."

Dingwell alimtazama. Lilikuwa pendekezo la kibiashara, safi, na lilitoka kwa mtu aliyekuwa akimdhania mjinga tangu harusini. Karibu kinamasi chote kwa kura sita. Akafanya hesabu amesimama palepale. Kinch akishinda, mswada unakufa, na kura ya ardhi inaishi. Anaweza kununua kinamasi kingine popote. Trainor akishinda, hivyo vipande havina maana kwake hata hivyo. Ukiipindua huku na huku, hesabu ilitoa jibu lilelile.

"Msiondoke hapa," alisema. "Mtu asinywe tena."

Bati la biskuti lilikuwa ghalani, na ghala lilikuwa gatini, na kati ya gati na shule kulikuwa na msimu mzima wa viazi. Dingwell aliendesha kama mtu ambaye nyumba yake inaungua. Mikokoteni ilijaa barabarani, magunia yamepangwa mpaka juu, farasi hawataki kupisha. Akapiga honi. Akapita kwenye mtaro. Vumbi jekundu lilipanda nyuma yake mpaka wachimbaji wa pande zote mbili wakanyoosha migongo kutazama.

"Dingwell huyo! Kuna aliyekufa?"

"Anatoka shuleni!"

Kama angekwenda polepole hakuna ambaye angegeuka. Lakini watu hawajawahi kumwona Russell Dingwell akikimbia siku ya kura. Siku ya kura yeye hutembea kama bwana harusi. Ndipo mtoto mmoja, aliyetumwa shuleni kuchota maji, akarudi mbio na habari: Delphine Gaudet amemwambia Wendell Praught aape kwenye Biblia!

Hakuna kiazi duniani kinachoweza kushindana na habari kama hiyo. Mtu wa kwanza alisema anakwenda kutazama kidogo tu, arudi. Wa pili akasema hata yeye. Wanawake wakafungua vitambaa vya kichwa wakavifunga upya. Vikapu vikaachwa kwenye matuta, farasi wakaachwa wamefungwa, na kutoka kila shamba watu wakaanza kutembea kuelekea shuleni, magoti mekundu kwa udongo, wakijifanya hawana haraka.

Dingwell alipata bati, akageuza gari, na njiani akaona mashamba matupu. Kwanza hakuelewa. Alifurahi kwamba barabara imefunguka. Ni alipokaribia shule na kuona umati ukumbini na chini ya madirisha ndipo akakanyaga breki.

"Wanafanya nini hawa?" alimuuliza Wendell.

"Wamekuja kuniona nikiapa, bosi. Mwalimu akasema ndani haingii mtu asiyepiga kura." "Basi wanapiga."

Foleni ilikuwa imezunguka darasa lote. Mikono yenye udongo ilikuwa ikipokea karatasi moja baada ya nyingine, na Bi Eunice alikuwa akimwambia kila mtu ajifute kwanza. Delphine alikaa kwenye dawati lake kimya. Hakuhitaji kumsemesha mtu.

Dingwell alifungua bati. Angeweza kulifunga. Alijua hivyo, na vidole vyake vilijua, maana vilisita. Lakini kura zilikuwa hazijahesabiwa, bado sita zingeweza kutosha, na mfanyabiashara akisha kufika sokoni harudi na mzigo. Akazitoa zile karatasi, akachana ya kwanza mbele ya Wendell, ya pili, zote, vipande vikaanguka juu ya buti zake.

"Haya. Ni yenu. Mnafurahi?"

"Nani shahidi?" aliuliza shemeji.

"Mimi," ilisema sauti ya Delphine kutoka mlangoni. "Mimi na wote hawa."

Wakaingia. Wendell akaweka mkono wake mkubwa juu ya Kitabu, akaapa kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, na hata Delphine aliitikia kwa kichwa. Wote sita wakaapa. Kisha kila mmoja akapita nyuma ya pazia, na pazia likajifunga. Dingwell alibaki akilitazama. Katika miaka yote ile hakuwahi kuliogopa pazia lile. Mtu asiye na kitu unajua anavyopiga kura. Mtu aliyepewa ardhi dakika kumi zilizopita, mbele ya majirani, unajuaje?

Trainor alishinda kwa tofauti ya kura chache. Katika sanduku la shule ile Kinch alipata kura kidogo mno, na kila Dingwell alipozihesabu, hazikutosha: ama vijana wake sita, ama watu wake wengine, kuna ambao hawakumpigia Kinch. Hakuwauliza. Ukimuuliza mtu swali la namna hiyo umemfundisha kudanganya.

Mswada ulipita kabla barafu haijayeyuka. Kura moja, mahali unapolala, na wala si wakati wa viazi.

Delphine alipata alichotaka na akakilipia. Agosti iliyofuata alipomvalisha farasi mbao zake akashuka kinamasini, alimkuta Wendell amekwisha simama kwenye kipande chake, na mundu mpya.

"Mama Gaudet, ule mkono ulipeana na Bwana Dingwell."

"Najua nilimpa nani mkono."

"Sisi tumeonelea nusu kwa nusu."

Walibishana mpaka maji yakaanza kupanda, lakini nusu ilibaki nusu, na majira ya kuchipua hayajafika Delphine akauza ng'ombe wawili. Wendell na wenzake wakawa watu wenye ardhi, yenye mbu, na wakaanza kugombania mipaka kama watu wenye ardhi wafanyavyo.

Dingwell alipoteza karibu kinamasi chote, kura zake zote isipokuwa moja, na simu za mawaziri. Nafasi ya gatini ilitangazwa kwa wote. Aliipata, kwa kodi kubwa kuliko aliyozoea, kwa sababu wengine hawakuwa na malori ya kutosha. Vile vipande vyake vya majimbo mengine aliviuza, na viwili kati yake vikamletea faida. Uchaguzi uliofuata alipiga kura asubuhi, akarudi kwenye gari, akakuta hana pengine pa kwenda. Akawasha injini, akaenda kwa Delphine kuuliza bei ya viazi, na Delphine akamtajia bei ya juu.